Fundi wa Simu ya Upepo

Fundi wa simu ya upepo hapa Mpemba hupuliza kila kitu kabla hajakigusa, hata kikombe cha chai. Sisi wanafunzi wake humtania, "Shikamoo fundi, vumbi limekukosea nini?" Naye hujibu bila kuinua macho, "Marahaba, limeniharibia pua." Jana dereva wa lori alimletea fundi habari kwamba binti yake yeye fundi ameshikwa na uchungu wa kuzaa huko Ibaba, na simu ya zahanati ya kule haisikiki tangu mtu abadilishe kapasita zilizo kando ya kristali, ile inayopanga masafa, akaweka kubwa mno, masafa yakashuka chini ya yale tunayotumia sisi. Basi fundi akaifungua mashine yake isiyo na kasoro, akang'oa kapasita zake, akachomea kubwa kama zile, makusudi, aifuate ile mbovu huko ilikoshukia. Mashine ikakoroma, kisha sauti ya nesi wa Ibaba ikaja safi kabisa: "Mtoto ni mzima. Mama yake hatunaye tena. Kama kuna anayenisikia, amwambie baba wa marehemu huko Mpemba."

Fundi akabonyeza kitufe. "Nakusikia, nesi."

"Ahsante Mungu! Naongea na nani?"

Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Akainama, akakipuliza kitufe.