Mashine Iliyokataa Bila Kusema Sababu

Pale hospitalini walimwita Bi Kwanini, na hakuna aliyehitaji kuelezwa jina lilitoka wapi. Alipokuwa mtoto aliuliza maswali mpaka majirani wakawa wanajifungia ndani wakimwona anakatiza uani. Alipokua, wakamwajiri kwa tabia ileile. Alitunza programu za kompyuta katika chumba kidogo mwisho wa korido, chenye feni inayolalamika kutwa na dirisha linalotazama kamba za kuanikia mashuka. Mashine ikigoma wodini, ikigoma dirisha la dawa, ikigoma maabara, simu inamlilia yeye.

Na hakuna neno alilolichukia duniani kama hili moja: "Imeshindikana."

"Imeshindikana nini?" alikuwa akiikaripia skrini, mikono kiunoni. "Wapi? Kwa sababu gani? Ndiyo nini sasa, kumkatalia mtu hivyohivyo! Hata mtoto ukimnyima peremende unamwambia kwamba meno yake yataoza!"

Wenzake walicheka. Ila mwaka huo yeye hakuwa akicheka, kwa maana neno hilo lilikuwa limemwingilia mpaka nyumbani.

Dada yake mkubwa, ambaye watu walimwita Mrefu kwa vile aliinama kila alipopita mlangoni, alikuwa mfanyakazi wa maabara katika hospitali hiyohiyo. Ndiye aliyemlea Kwanini mama yao alipofariki. Alimsuka, akamsomesha, akayavumilia yale maswali yote peke yake. Pale maabara kazi yake ilikuwa kupokea chupa za damu kutoka wodini, kuzichapia lebo na kuzipeleka zikapimwe. Aliipenda kazi hiyo, jamani! Chupa isiyo na lebo, alikuwa akisema, ni mgonjwa asiye na mtu.

Basi tangu zilipoletwa kompyuta mpya, kila Mrefu alipobonyeza kitufe cha kuchapa, programu ilimjibu neno lilelile: Imeshindikana. Hapo anatokea mwenzake wa hadubini, bwana mmoja mwepesi waliyemwita Chapchap. "Sogea, mama, nikusaidie." Anafunga, anafungua, anabonyeza. Lebo hiyo! Inatoka bila ubishi. Leo hivyo, kesho hivyo, mpaka maabara nzima ikaamini kwamba yule mama na kompyuta hawaivi chungu kimoja.

Mkuu wa maabara hakuwa mtu mbaya. Alimwita pembeni, akamwambia kwa upole, "Mama, umetutumikia vizuri, lakini damu haisubiri. Kuanzia Jumatatu utahamia ghala la mashuka. Kule hakuna kompyuta."

Jioni hiyo Kwanini alimkuta dada yake jikoni akiosha vyombo. Alikuwa ameisimamisha mikono ndani ya povu, anaitazama.

"Labda ni kweli, mdogo wangu," alisema. "Mikono imezeeka. Inabonyeza vibaya na mimi mwenyewe sijui."

Kwanini alipandwa na hasira mpaka masikio yakamuwaka. "Mikono hiyo hiyo iliyonilea mimi? Thubutu! Mashine itasema kwa nini inakukataa. Itasema, itake isitake!"

Ijumaa asubuhi alijifungia na programu ile ya lebo. Iliandikwa kwa C, lugha kongwe ya mafundi wa kompyuta, isiyombembeleza mtu. Aliyeiandika alikuwa mzee mmoja aliyekwisha kustaafu, fundi hodari na mpenda usafi kupindukia. Sasa, programu haina ubavu wa kufungua faili wala kuandika humo kwa nguvu zake. Ni lazima ibishe hodi kwa mfumo mkuu wa kompyuta na kuomba. Mfumo ukikubali, kazi inaendelea. Ukikataa, unaacha namba ya sababu mahali pamoja tu, na ni juu ya fundi kwenda kuisoma. Mzee hakuisoma. Alikataliwa, akaandika "Imeshindikana," akaenda zake!

"Kumbe sababu ipo siku zote!" Kwanini alipiga meza. Akaongeza mstari wa kuisoma ile namba na kuigeuza maneno, akakimbilia maabara huku slipa zikimpiga visigino.

"Dada, ingia. Bonyeza!"

Mrefu aliingia kwenye kompyuta kwa jina lake, akabonyeza. Chapchap alikuja kuchungulia, na mkuu naye akasogea. Skrini ikaandika: "Imeshindikana. Sababu: hakuna kosa lolote."

Loo! Chapchap alicheka mpaka akashika ukuta. "Imeshindikana, ila mambo safi! Mashine ina vituko hii!"

Mkuu hakucheka. "Sasa, Bi Kwanini," alisema taratibu, "kama mashine yenyewe inasema haina kosa..." Hakumalizia, wala hapakuwa na haja. Mrefu aliitia mikono yake mifukoni mwa koti jeupe na kutazama sakafu.

Kwanini alirudi chumbani kwake uso umemwiva. Alitaka kumsaidia dada yake, na sasa amempa mkuu ushahidi. Akaanza kuisoma programu mstari kwa mstari, kidole kwenye skrini, akiuliza kila mstari kama alivyowauliza majirani. Wewe unafanya nini hapa? Na wewe? Mfumo unakataa, sawa. Namba inaachwa, sawa. Halafu kabla ya kuisoma, programu inapita kwanza kwenye kazi ndogo ambayo mzee aliipa jina la "safisha": inafunga kilichofunguliwa, inafuta masalio, na jambo lake la kwanza kabisa, kwa kupenda usafi, inairudisha ile namba kuwa sifuri.

Alisimama ghafla mpaka kiti kikaanguka.

"Mzee wangu!" alipiga kelele peke yake. "Umepiga deki kabla polisi hawajafika!"

Alicheka, akajipiga paja, akaweka kiti sawa kisha asikikalie. Dawa yake ilikuwa ndogo hata inatia aibu: mfumo ukikataa tu, chukua namba hapohapo, iweke mfukoni, ndipo usafishe utakavyo. Aliandika, akakimbia tena. Mlinzi wa korido akauliza kama kuna moto. "Upo!" alimjibu bila kusimama.

Mrefu alibonyeza. Skrini ikaandika: "Imeshindikana. Sababu: ruhusa hamna."

"Hamna ruhusa!" Kwanini aliruka. "Mmeona? Mmeona?"

"Tumeona," mkuu alisema. "Ruhusa ya nini? Nani kamnyima? Kwa nini Chapchap apewe na yeye anyimwe?"

Kwanini alimkodolea macho. Miaka yote yeye ndiye mwenye kuuliza. Leo anaulizwa, tena maswali yaliyonyooka. Furaha ilimjaa mpaka akamshika mkuu mkono, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya. "Umeuliza vizuri sana, mkuu! Ndiyo haya hasa inatakiwa iyaseme! Nipisheni kiti."

Akakaa palepale, chupa zikiwa zimepangwa kushoto kwake, wote watatu wamesimama mgongoni. Alitaka mashine iseme kama mtu mwenye adabu: ilikuwa inajaribu kufanya nini, wapi, mahali hapo ni pa nani, aliyeomba ni nani, na afanye nini sasa. Vidole vilikimbia. Alikosea, akajitukana kidogo, akasahihisha.

"Haya, dada. Kwa jina la Mungu, bonyeza."

Skrini ikaandika: "Nimeshindwa kuhifadhi lebo kwenye folda ya lebo. Folda hiyo ni ya 'maabara', na ni yeye peke yake anayeruhusiwa kuandika humo. Aliyeingia sasa ni 'mrefu'. Mwambie mtunza kompyuta ampe 'mrefu' ruhusa."

Mkuu aliisoma kwa sauti mpaka mwisho. "Maabara," alisema. "Maabara ni nani?"

Chapchap aliacha kutabasamu. Wote waligeuka kutazama kikaratasi kilichobandikwa pembeni mwa skrini, chenye neno la siri la 'maabara', akaunti iliyoachwa na mafundi waliozifunga kompyuta zile. Ilikuwa imefunguliwa tayari kila asubuhi, ni rahisi, ni haraka. Basi kila mtu aliitumia, mkuu akiwemo. Kila Chapchap alipokuja "kusaidia," alilifunga jina la Mrefu na kuifungua hiyo.

"Siku ya mafunzo tuliambiwa kila mtu aingie kwa jina lake," Mrefu alisema polepole, kama anayeogopa kumuumbua mtu. "Ili kila chupa iwe na wa kuulizwa. Nilidhani wote mnafanya hivyo."

Mkuu alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni," alisema mwishoni. "Mama, Jumatatu upo hapahapa. Na Jumatatu hiyohiyo sisi tulioshindwa kufuata agizo dogo tutaanza kuingia kwa majina yetu. Mimi wa kwanza. Unisamehe."

Chapchap akakibandua kile kikaratasi. "Na mimi, mama," alisema, na safari hii hakuwa na haraka.

Kwanini alikwisha kunyoosha vidole ili ampe dada yake ruhusa, kazi ya kufumba na kufumbua.

"Ngoja," Mrefu alisema. "Usiirekebishe kwanza."

"Kwa nini?"

Mrefu alitoa mikono mifukoni. "Nataka ikatae tena. Mkuu kaisoma, ninyi mmeisoma. Mimi sijaisoma."

Kwanini akampisha kiti. Mrefu alikaa, akabonyeza, na mashine ikamkatalia kwa maneno yote yale. Aliinama karibu na skrini, akayafuata neno moja moja kwa kidole, midomo ikicheza, mpaka nukta ya mwisho. Akarudi juu, akaanza upya. Alipomaliza mara ya pili machozi yalikuwa yanamtoka, na alikuwa anacheka.

"Mdogo wangu," alisema, "mikono haikutajwa popote."