Bwana Futa na Kupauka kwa Mama

Mume wangu husahihisha miswada ya hadithi katika kampuni ya vitabu, na kazi hiyo imemharibu. Mletee kadi ya harusi, ataisahihisha kabla hajauliza nani anaoa. Lakini ugomvi wake mkubwa ni na neno moja: kupauka.

"Waandishi wamenichosha!" hurudi akilalama, hata viatu hajavua. "Mjane, uso umepauka. Alfajiri, mbingu zimepauka. Mapenzi nayo yamepauka! Kinachopauka ni goti lisilopakwa mafuta, basi."

"Baba watoto, kula kwanza," namwambia. Ofisini wanamwita Bwana Futa, naye anadhani ni sifa.

Mwaka huu nami nikaandika. Kurasa chache tu, za marehemu mama yangu, ambaye nilimuuguza hapa nyumbani, chumba cha nyuma. Nilitaka wajukuu wamjue. Ole wangu, nikampa mume wangu asome! Karatasi zilirudi nyekundu kama zimechinjiwa kuku. Nilivumilia yote mpaka nikafika pale nilipoandika "Mama alipauka." Kalikata neno, pembeni kaandika: "Limechakaa. Tafuta jingine."

Damu ikanichemka. Nikamfuata sebuleni, nikamtupia karatasi mapajani.

"Rudisha neno langu."

"Mama watoto, sikiliza, kila mwandishi..."

"Mimi si kila mwandishi! Mama alipauka. Miguu, viwiko, mpaka midomo. Kila asubuhi nilimpaka mafuta, na kabla ya adhuhuri ngozi imeyanywa yote, nipake tena. Hilo wewe ungeliitaje?"

Akaisoma tena ile karatasi. Kalamu bado iko mkononi.

"Mbona mimi sikuona?" akauliza polepole.

"Ungeona saa ngapi? Kila jioni unasimama mlangoni, 'Mama, hujambo?' Anakujibu, 'Sijambo, mwanangu.' Huyoo, kwenye miswada yako."

Akainama, akatia nukta moja moja chini ya neno alilolikata. Ndiyo alama yao ya kumwambia mpiga chapa aliache kama lilivyo. Sikumhurumia.

Kisha akaniuliza kama mama alikuwa akisikia maumivu sana. Mwaka mzima mama alilala chumba kile, ukuta mmoja na meza ya kazi ya mume wangu, na mwenzangu anauliza leo.