Sekunde Kumi na Moja Kabla ya Wimbo wa Kwanza

Mama alikuwa na lalamiko moja tu kuhusu ile CD.

“Banikata,” alisema kila tulipoicheza. “Wimbo inaanza, na sauti yangu haiko.”

Kwaya ya parokia yetu haikuwa na kinanda. Kabla ya kila wimbo mwimbaji mmoja alitoa sauti: alivumisha noti nne, moja kwa kila kundi, na wengine wakazidaka kutoka kwake. Kwa miaka kumi kazi hiyo ilikuwa ya mama. Kanda ya kwanza ilirekodiwa kanisani, mtawa mmoja akaondoka nayo kwenda Ulaya, na iliporudi Lubumbashi ilikuwa imegeuzwa CD. Kanda yenyewe hatukuiona tena. Tulikuwa katikati ya vita. King'ora cha kampuni ya shaba kilikuwa kimeacha kuita watu zamu, na waimbaji walikuwa wametawanyika, wengine Sakania, wengine ng'ambo ya mpaka, wengine hatukujua wapi. CD ilikuwa hiyo hiyo moja, na mikwaruzo ilikuwa imeanza kuila.

Siku moja binti yangu, aliyekuwa na miaka tisa, alimuuliza mama, ambaye alimwita kambo, yaani bibi, “Kambo, sasa wewe uko wapi humu ndani?”

“Mbele ya wimbo.”

“Mbele ya wimbo hakuna kitu.”

Kuanzia siku hiyo mama aliacha kuimba akipika. Nilitamani kumwonyesha mtoto kwamba nyanya yake hakujitungia jambo.

Tajiri mmoja aliyetoka Butembo, jirani yetu, alikuwa na duka la jumla la sabuni na chumvi. Barabara za mashariki zilikuwa zimefungwa, mizigo haikufika, na kompyuta yake ilikaa bure kati ya rafu tupu. Alikuwa na programu mbili za kunakili CD ziwe faili, na zote mbili, alisema, zilihifadhi sauti nzima bila kuibana.

“Chagua, mwalimu. Hii iko na haraka. Ile ingine iko na maulizo mingi kama mukwe.”

Nilianza na yenye haraka. Kwa dakika chache nyimbo zote zilikuwa tayari. Nikasikiliza, na kwenye wimbo wa tatu, mahali ambapo redio yetu ya CD hujikwaa kila mara, sauti ilipita laini kabisa. Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilijiuliza: noti ambazo mkwaruzo umezifuta, programu hii imezitoa wapi?

“Imeziba shimo,” tajiri alisema. “Inaangalia huku na huku, inafikiria katikati kulikuwa nini, inatia.”

“Bila kuniambia?”

“Ikuambie ya nini? Haukusikia shimo.”

Nilihamia kwenye ile ya maulizo. Ilisoma mahali pamoja mara mbili, mara tano, mara kumi na sita, na matokeo yasipolingana ilikiri hivyo kwa maandishi mekundu. Kisha ikauliza swali ambalo sikulitarajia: nafasi zilizo kati ya nyimbo ziunganishwe na wimbo uliotangulia, ziunganishwe na ule unaofuata, au zitupwe? Nilisoma swali lile kwa kamusi, neno kwa neno. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba kimya nacho kina mwenyewe. Nikaiamuru kwanza ipime nafasi hizo. Sekunde mbili, mbili, tatu, mbili. Kabla ya wimbo wa kwanza: kumi na moja.

“Kwa kawaida ni ngapi?” nilimuuliza tajiri.

“Mbili.”

“Na zile tisa zingine zinafanya nini?”

“Labda zimelala,” alisema, lakini naye alikuwa amesogeza kiti.

Aliyetengeneza CD alikuwa ameweka alama ya mwanzo pale kwaya inapoingia, na kila redio iliruka moja kwa moja hadi kwenye alama hiyo. Nilichagua nafasi ziunganishwe na wimbo unaofuata. Umeme ulikatika mara mbili. Siku ya tatu kazi ilikamilika, tajiri akanichomea CD mpya, nami nikarudi nyumbani karibu nikikimbia.

Tulisikia kikohozi, benchi likiburutwa, kisha mwanamke akivumisha noti nne.

“Kambo! Ni wewe!” binti yangu aliruka.

Mama aliomba nirudie. Akaomba tena. Mara ya tatu akasema, “Si miye.”

Aliyesikika alikuwa mke wa fundi wa reli, jirani yetu wa zamani. Alizaliwa hapa kama sisi, ila ukoo wake ulitoka Kasai, na walipoambiwa watu kama wao warudi kwao, familia ile ililala stesheni wiki nyingi ikingojea treni. Jumapili iliyofuata baada ya kuondoka kwao, mama ndiye aliyesimama mbele na kutoa sauti. Kanda ilikuwa imerekodiwa miezi michache kabla ya hapo.

“Nilifikiria ni miye,” alisema. “Kweli kabisa, nilifikiria ni miye.”

Nikasema neno baya kuliko yote. “Ninaweza kuzikata hizo sekunde, mama. Programu inaruhusu.”

Alinitazama kama mtu asiyenitambua.

“Balishamutosha mara moja, balimufukuza. Inatosha.”

Kisha akauliza kama kompyuta ya tajiri ingeweza kutoa CD nyingine ya kumpelekea, na kama kulikuwa na mtu anayejua siku ambayo treni ya Kasai ingetembea tena. Hakuna aliyejua. Nilitoa nakala hata hivyo. Nikaandika kwenye jalada kwa mpangilio alioniamuru mama: jina la yule mke wa fundi kwanza, na neno “sauti” pembeni yake, halafu nyimbo.