Shokomzoba za Gari la Mwalimu

Fundi yule ana kawaida ya kulibonyeza gari kwa viganja viwili, kisha kuinamisha kichwa kusikiliza linavyonesa. Ndivyo alivyolibonyeza gari kuukuu la mwalimu mstaafu mwaka jana, akasema, "Shokomzoba bado nzima kabisa, mama. Usiharakishe kuzibadilisha."

Leo amezing'oa shokomzoba zilizokufa, akafunga mpya pamoja na bushi zake, zile raba za kwenye maungio, wakatoka yeye na mama kulijaribu. Barabara ni ileile ya mashimo, lakini gari lilitulia kama maji mtungini. Mama, aliyekuwa akiendesha, akalisimamisha ghafla.

"Marehemu mume wangu alikuwa akilia hapa kila tukimpeleka hospitali mwanzoni mwa mwaka huu. Mgongo, mwanangu."

Fundi alijipangusa mikono iliyokuwa safi. "Nisamehe, mama."

"Hukujua."

Alijua. Siku ile ya mwaka jana aliyaona mafuta yakivuja kwenye shokomzoba, ila alikuwa na haraka ya kufunga gereji.