Jina la Kabla ya Homa

Miaka ile biashara ilipofunguliwa, wanunuzi binafsi wa pamba walijaa Bariadi, na hospitali binafsi zikafuata. Bosi wetu, mwenye hospitali, alinunua kompyuta, akaifunika kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni, akaamini itafanya kazi yenyewe.

Mimi ndiye niliyesomea mashine hizo, na sikuwa mtu wa kunyamaza. Fundi aliyeileta kutoka Mwanza aliipanga imtafute mgonjwa kwa jina moja tu. Nilimwambia bosi haifai. Kwetu mtoto akiugua sana, wazee humbadilisha jina, wakampa la babu au bibi aliyekufa. Nikaongeza nafasi ya jina la zamani, na kila mgonjwa nikawa namuuliza. Foleni ikarefuka, bosi akafura.

"Unahoji watu kama polisi! Kesho hilo swali uliondoe."

Kabla ya kesho kufika, alikuja mama kutoka Lingeka na binti yake mdogo anayewaka homa. Daktari alikwisha kuandika sindano ya penisilini. Nilitafuta jina alilonipa mama, kompyuta haikulijua.

"Mgonjwa mpya," bosi akasema nyuma yangu. "Akachomwe, wengine wanasubiri."

Muuguzi akambeba mtoto. Nikamgeukia mama.

"Mayu, kabla ya jina hili mlikuwa mnamwitaje?"

Alisita. Jina lililoachwa halitajwi ovyo, watu huogopa litarudisha ugonjwa. Mwishowe akaninong'oneza sikioni. Nikaliandika, na kwenye kioo yakaja maelezo niliyoyaingiza mwenyewe msimu wa pamba uliopita: penisilini ilimvimbisha koo, nusura afe.

Nilikimbia. Muuguzi alikuwa ameshampangusa mtoto kwa spiriti, sindano iko mkononi. Nilimdaka mkono, nikapiga kelele hadi wodi nzima ikageuka. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kazini, na papo hapo nilikuwa na hasira ya kumtafuna mtu.

Daktari akabadilisha dawa, homa ikashuka. Nilimkuta bosi siku moja kwenye dirisha la mapokezi, akiwauliza wagonjwa swali langu kwa sauti yake nzito.

Siku ya kuruhusiwa, mama alikuja kunishukuru, mtoto mgongoni.

"Wabeja, mayu. Nyumbani wamekubaliana, huyu sasa ataitwa jina lako."

Machozi yalinilenga. Nikavuta kiti.

"Nimefurahi sana," nikamwambia. "Ila kaa hapo kwanza, niliingize kwenye kompyuta."