Rafu ya Wakorea pale Khuwair

Siku yangu ya kwanza kazini, katika maktaba ya Khuwair hapa Maskati, Oman, nilipewa gundi, mkasi na rundo la vitabu, nikaingizwa chumba kisicho na dirisha. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, nimetoka Unguja miezi mitatu nyuma, na Kiarabu changu kilikuwa cha kuombea maji tu. Chumba kile tukikiita chumba cha matayarisho. Kitabu kipya hakiendi rafuni hivi hivi. Kwanza huandikwa kwenye daftari kubwa kikapewa nambari yake, kisha hupigwa mhuri, kisha hubandikwa mgongoni kikaratasi kinachosema kinakaa wapi. Nyie mlozaliwa kompyuta zishafika mtacheka, lakini siku ile nilibandika vikaratasi kichwa chini kwenye vitabu arubaini, kwa sababu vya Kiarabu na vya Kizungu hufunguliwa pande mbili mbali mbali, na mie nilivipanga vyote upande mmoja.

Mkuu wa Matayarisho, mama wa Kimisri aliyevaa miwani ya kamba, alivitazama kimoja kimoja. "Zuwena," akasema, "wewe unakijua kitabu kwa nje, na hata hiyo nje hujaijua. Bandua vyote." Nilibandua mpaka kucha zikaniuma. Sikulia mbele yake. Nilikuwa na kiburi, na bado ninacho.

Baada ya miaka sita nilihamishiwa Sehemu ya Watoto. Mkuu wake alikuwa bwana mmoja mkaazi wa Sib, nje kidogo ya mji, mpole, aliyezaliwa Unguja kama mie, na Kiswahili chetu akikisema pale tu mlango unapofungwa. Siku zile wengi wetu tulikuwa hivyo: nyumbani Kiswahili, nje tunajikaza na Kiarabu ili tusichekwe. Huyu ndiye aliyenifunza sharti moja la kazi. "Bi Zuwena, usimpe mtu kitabu usichokimaliza. Mtoto atakuuliza, halafu ikawaje? Utamjibu nini?" Sharti lile nililishika miaka mingi, na nililivunja mara moja tu. Nnataka kukuhadithieni hiyo mara moja.

Kwanza nikuelezeni dawati la wasomaji, maana ndipo nilipomalizia kazi. Ni meza ya mbele, karibu na mlango, na kazi ya anayekaa pale ni kusikiliza. Msomaji hasemi anachokitaka. Husema anachodhani unacho. Anaomba kitabu cha mapishi, kumbe anataka kujua mke wa pili apikiwe nini asinune. Ukikurupuka kumwonesha rafu umempoteza. Unamuuliza la pili na la tatu, taratibu, mpaka aseme mwenyewe.

Basi miaka ya karibuni wakaanza kuja wasichana, abaya zao na mikoba ya skuli, wanaamkiana Kikorea walichojifunza kwenye tamthilia za televisheni. Nikadhani ni upuuzi wa mwezi mmoja. Wapi. Mudir wetu, yaani mkurugenzi wa maktaba, kijana aliyesoma nje, akaniita ofisini. "Bi Zuwena, nnataka rafu moja ya maisha ya Wakorea, wa kwao na wa Marekani. Ya rika zote, na orodha ya mapendekezo ibandikwe mlangoni."

"Mie najua nini kuhusu Wakorea?"

"Hujui. Soma."

Nikasoma mwaka mzima, nyumbani Sib na kazini, Kiarabu na Kiingereza. Na nilishangaa, wallahi. Kwa watoto wadogo nilichagua kitabu cha picha cha mtoto anayetimiza mwaka: wanamtandikia uzi, kalamu na mchele, kisha nyumba nzima inangoja ataokota nini, maana ndicho kinachotabiri maisha yake. Chengine kilikuwa cha mzazi anayenyweshwa supu ya mwani baada ya kujifungua. Nikakumbuka uji wetu wa pilipili manga, na nikakumbuka wanawake wa pwani ya mashariki kule Unguja wanaoulima mwani na kuuza nje bila kuuonja. Wa miaka kumi nikawawekea cha msichana wa Kikorea huko Marekani anayekula chakula chake chooni skuli, kwa kuwa wenzake wanaziba pua. Wa makamo wakapata cha mtoto anayemfasiria mamake kwa daktari, anabeba maneno makubwa kuliko umri wake. Hicho nilikisoma mara mbili. Sisi tulorudi Oman kutoka Unguja, watoto wetu walikwenda na mihogo ya nazi skuli wakachekwa, na watoto wetu walitufasiria hospitali. Nikaiona ile rafu ni ya Wakorea kwa jina, lakini waliomo ndani ni sisi.

Msomaji wake mkubwa alikuwa Raiya, msichana wa miaka kumi na minane kutoka Al Amerat, nyuma ya milima. Hakupitwa na kitabu. Alijisomea, akajaza fomu, akapata nafasi ya chuo huko Seoul, Korea, na alitakiwa ajibu kabla ya Jumapili moja, na saini ya babake iwepo. Baba hakutaka hata kuisikia.

Mchana mmoja akaja mwenyewe, Bwana Khalfan, dishdasha yake, kanzu ya Kiomani, imepigwa pasi hata mkunjo huuoni. Alikuwa mjane, mtoto wake ni huyo huyo mmoja, na kila asubuhi walivuka milima pamoja kwa gari: yeye wizarani, Raiya skuli. Akanisemesha Kiswahili moja kwa moja. "Wewe ndiye Bi Zuwena wa Wakorea?"

"Ndiye mie. Karibu ukae."

"Sikuja kukaa. Nimekuja kukuuliza, mtoto huyu umemlisha nini?"

Nilimwonea huruma. Nilitaka aione safari ya mwanawe kwa jicho jengine, na dawatini pangu nilikuwa na riwaya mpya, tafsiri ya Kiarabu: baba wa Kikorea mwenye duka la matunda Marekani, na binti yake wa pekee anayepata chuo cha mbali. Nilikuwa nimefika katikati. Wiki ile tulikuwa tunachuja rafu, yaani tunatoa vilivyochakaa na visivyosomwa, na sikupata nafasi ya kumaliza. Nusu niloisoma ilikuwa tamu. Nikampa.

Alhamisi akakirudisha, akakiweka mbele yangu polepole. "Umekimaliza wewe?"

"Sijakimaliza."

"Mie nimekimaliza. Nimekisoma garini nikimngoja Raiya. Yule binti harudi. Baba anazeeka na televisheni yake, wala hafi ukasema kapumzika. Ahsante, Bi Zuwena, kitabu chako kimenisaidia. Sitii saini."

Nilikimaliza jioni ile. Ni kweli, binti harudi. Nilikaa jikoni nikajiona mjinga wa miaka kumi na tisa tena. Mtoto wa watu alikuwa amebakiwa na siku mbili, na aliyemfungia mlango ni mie.

Ijumaa baada ya sala nikapanda gari mpaka Al Amerat. Raiya ndiye aliyenifungulia, macho yamevimba. Babake alinikaribisha kahawa na tende kwa heshima zote.

"Nimekuja kukutaka radhi," nikamwambia. "Nimekupa kitabu nisichokijua mwisho wake. Kwa kazi yetu hilo ni kosa kubwa."

"Mwisho wake haukunikasirisha," akasema. "Unasema kweli, ndo maana nimeusadiki."

Nilikuja na maneno yangu niloyapanga njiani kuhusu elimu na zama hizi. Yalinitoka kichwani yote. "Bwana Khalfan, yule binti asiyerudi ni mie. Nilimwacha mama Unguja nikaja kwa mjomba wangu hapa kutafuta kazi. Nilisema miaka miwili. Nilikwenda kumtazama, nikampelekea vitu, lakini kukaa sikukaa tena. Amekufa mie niko hapa, na nimemkuta kaburini."

Raiya alikuwa amesimama mlangoni na sinia mkononi. Babake akaniuliza, "Unajuta?"

"Kuja sijuti. Nimefanya kazi niloipenda, nimelea wanangu. Lakini kuna kitu kinaniuma na sikijui jina lake."

"Na yeye mamako, siku uloondoka, alirudi nyumbani akafanya nini?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Sijapata kuuliza."

Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Vitabu vyote anavyoleta Raiya nyumbani nimevipekua," akasema. "Vyote ni vya aliyeondoka. Ameona baridi, amechekwa, amelia, amefaulu. Hakuna hata kimoja kinachokaa na aliyebaki." Kisha akageuka. "Raiya, njoo hapa."

Akaja, akakaa chini karibu na magoti yake.

"Nitatia saini. Sharti langu ni moja. Ukipiga simu usinihadithie ya kwako tu. Uniulize na mie nimeshindaje, na ungoje nikujibu."

"Nitakuuliza, baba."

"Kila siku."

"Kila siku, baba." Akaweka kichwa mapajani mwake akalia, na mie nikajifanya natafuta viatu vyangu.

Nimestaafu sasa. Raiya yuko mwaka wa tatu Seoul, na Bwana Khalfan akipita Sib hunipigia honi langoni, huingia akanisimulia alichoulizwa jana: amekula nini, gari imetengenezwa au bado, nani amemtembelea. Anajifanya amechoshwa na maswali. Siku binti akichelewa kupiga, hana raha mpaka usiku. Nyie mnaokaa dawatini sasa nnakuombeni jambo. Ile orodha yangu bado iko mlangoni, na ni orodha ya nusu. Niliichagua kwa macho ya mtu aliyeondoka kwao, kwa hiyo niliona vitabu vya wenzangu tu. Tafuteni vya waliobaki, vya Wakorea na vya watu wote, muviweke pale pale.

Wiki ya kwanza ya kustaafu nilimpigia simu dada yangu mkubwa Unguja, aliyekaa na mama mpaka mwisho. Tukazungumza ya mvua na ya wajukuu. Kisha nikamwambia, "Da Asha, siku ile mliponisindikiza, mliporudi nyumbani mama alifanya nini?"

Nikasikia akivuta kiti akakaa.

"Leo ndo unauliza," akasema. "Alikusanya nguo zako ulizoziacha akazifua zote. Zilipokauka akazikunja akaziweka. Kesho yake akazitoa akazifua tena."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ilipokuja barua yako."

Barua yangu ya kwanza niliiandika baada ya miezi minne. Ilikuwa kurasa tatu, zote khabari za Maskati, na sikumuuliza kitu.