Ndege Iliyoburuta Kamba na Picha ya Mama

Mwaka jana nilikuwa Shinyanga nikingoja lori la kunifikisha Tinde. Dereva alikuwa bado anahangaika na tairi, nikaona nisikae bure, nikatembea hadi kiwanja cha ndege. Mimi ni mtu wa barabarani, rafiki yangu. Nimeuza mchele Isaka, vitenge Geita, dagaa kila mahali penye njaa ya dagaa, wala sijawahi kukaa nyumba moja kwa misimu miwili. Siku ile nilikuwa na kamera ndogo ya kuazima. Ikatua ndege ya njano, ya kunyunyizia pamba dawa, yenye bomba refu chini ya mabawa. Sikuwahi kuona ya namna ile. Nikainua kamera.

Mlinzi akaja mbio.

"Shikamoo mama. Hairuhusiwi."

"Marahaba. Hairuhusiwi nini?"

"Kupiga picha ndege. Lete hiyo kamera niutoe mkanda."

Kijana mwenyewe ni umri wa mwanangu wa kwanza, ndevu zake hazijaamua kama zinaota au hazioti. Nilimtukana. Nilimwambia maneno ambayo mwanamke wa miaka yangu hayasemi mchana, mpaka akarudi nyuma akisema, "Basi mama, basi, nenda tu." Maskini, hasira ile haikuwa yake. Ilimpitia tu, kama mvua inavyomlowesha mtu asiye na shamba.

Yenyewe ilianzia palepale, zaidi ya miaka thelathini iliyopita, mimi nikiwa msichana mdogo.

Tulikaa nyuma ya kiwanja, kwenye nyumba ya msonge ya bibi, ndani ya ua wa minyaa. Asubuhi ilianza na sauti ya kibuyu, bibi akisuka maziwa, pwaa, pwaa, pwaa, na harufu ya matobolwa yakichemka kwenye chungu. Matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakaushwa juani, kisha vikachemshwa tena wakati wa njaa. Ukivila na karanga hukumbuki kama kuna nyama duniani. Kazi yangu ilikuwa kuwazuia ndama wasiingie kiwanjani. Kiwanja chenyewe kilikuwa changarawe na majani tu, na mfuko wa upepo uliochanika juu ya mlingoti. Ndege ikikaribia, mzee mmoja alipiga debe kufukuza ng'ombe, na bibi alipaza sauti kutoka ndani: "Ng'wanawane, mwanangu, ndama!"

Mama alikuwa na kibarua palepale. Pembeni mwa njia ya ndege palipangwa mawe, na mawe yale yalitakiwa kuwa meupe ili rubani ayaone toka juu. Mama ndiye aliyeyapaka chokaa, kwa brashi ya katani, akiinama jiwe baada ya jiwe juani. Alirudi nyumbani mikono myeupe hadi viwikoni. Chokaa ile ilimla kucha. Hata alipotusongea ugali tulisikia harufu yake.

Jirani yetu alikuwa fundi cherehani, Mzaramo, aliyepigana vita vya Burma na kurudi na kamera ya boksi. Huko vitani alilinda kiwanja cha ndege, na ugonjwa wa ndege ukamwingia hauponi. Kwa kuwa alikuwa mtu wa pwani na sisi Wasukuma, alikuwa mtani wetu, na hata jina lake sikulijua. Sote tulimwita Mtani. Kila alfajiri alisimama nje ya ua wa bibi.

"Mla michembe ya viazi! Umeamka au umefufuka?"

"Nimefufuka nikuzike wewe, mla nazi. Watu gani mnakula mti mpaka ganda!"

"Na wewe ndiye utakayenipikia siku ya arobaini yangu."

"Nitakupikia panya."

Ndivyo walivyosalimiana, na ole wake mgeni aliyedhani wanagombana. Sheria ya utani ni moja, na bibi alinifundisha kabla sijajua kufunga mbeleko: mtani hakasirikiwi. Akikuvunjia chungu, unamtoza jogoo, unacheka, yamekwisha. Mwenye kumkasirikia mtani wake ameivunja nyumba ya wazee wake.

Mtani hakupoteza picha kwa ndege za kawaida. Ile Dakota iliyokalia mkia kama mbwa aliyechoka, hiyo alikwisha kuwa nayo. Ile yenye mabawa juu na chini, iliyofungwa nyaya kama kitanda, alikuwa nayo pia. Alitaka ngeni. Akanifundisha kuzitambua: sikiliza kwanza injini ni ngapi, kisha tazama mabawa yameota wapi, mwisho mkia. Nikawa masikio yake. Nikisikia muungurumo nisioujua niliwaacha ndama na dunia yote nikakimbia hadi baraza la duka la Mhindi alikoshonea, naye aliacha suruali ya watu chini ya sindano, tukaenda tukikimbia, yeye na kamera kifuani, tukajilaza nyuma ya kichuguu. Utamu wa pale kichuguuni sijaupata tena mahali popote: vumbi la moto, harufu ya mafuta ya ndege, na yeye akinong'ona, "Tulia, tulia, mwache ageuke."

Mkanda ulikuwa wa picha nane, na ulikuwa ghali, basi hakuutoa mpaka uishe wote. Ukiisha aliufunga kwa karatasi, akautuma kwa treni Mwanza kwa Mhindi wa kusafisha picha. Kwa hiyo picha ya mwezi wa kwanza ilikaa ndani ya boksi ikizingoja nyingine za mwezi wa sita. Kila mtu alijua hivyo. Kama unataka sura yako, omba ndege zije.

Jumapili moja tulingoja ndege haikuja. Wakati tunarudi tukamkuta mama anatoka kwenye mawe yake, ndoo kichwani.

"Simama hapohapo, mke wangu mdogo," Mtani akasema.

"Na chokaa hii? We kichaa?"

"Chokaa ndiyo poda yenyewe. Wenzako wa Dar es Salaam wanainunua."

Mama akacheka, akatua ndoo, akajifuta uso kwa mgongo wa mkono na kujipaka zaidi. Kamera ikalia *tak*. Kwetu hakuna aliyewahi kupigwa picha. Mama akauliza ataiona lini. Mtani akamwambia mkanda ukiisha.

Masika yakaja na homa, na mama akafa.

Siku ya maziko Mtani alifanya kazi ya mtani. Alivaa gauni la mama lenye madoadoa ya chokaa, akajitwika ile ndoo, akatembea kama yeye, mguu mmoja ukiburuta kidogo, akainama kwenye kila jiwe la njiani akijifanya analipaka. Watu walilia na kucheka kwa pamoja. Mimi nilicheka mpaka nikatapika. Kwa dakika zile alikuwa mama kabisa.

Baadaye, uani, akamwambia bibi, "Mkanda umebaki nafasi moja tu. Nitautuma Mwanza hivyohivyo, sura ya binti yako ije."

Bibi akakataa. Matanga yalikuwa hayajaondolewa. Kwetu tulinyoa nywele na kumaliza msiba baada ya mavuno, mtama ukipatikana wa pombe. "Kivuli chake kikiingia nyumba hii sasa," bibi akasema, "atadhani anaitwa, hatapumzika. Kiache mle ndani ya boksi lako. Mna giza, mnamfaa. Tukishanyoa, kilete." Wazee wote waliafiki, Mtani akatii. Sikumlaumu bibi wakati ule, wala leo simlaumu. Ilikuwa heshima, na heshima ndiyo mali pekee tuliyokuwa nayo.

Mavuno yalipokaribia, ndege ile ikaja.

Kwanza niliisikia nikiwa kisimani: injini mbili, chini sana, ikienda na kurudi, ikienda na kurudi, kama mtu anayelima kwa maksai. Nikatazama juu. Iliburuta kamba ndefu, na mwishoni mwa kamba kilining'inia kitu kama kombora, kikiifuata ndege kama ndama. Ng'ombe walikata kamba. Wanawake waliacha ndoo.

"Inavua nini huko juu?" bibi akauliza nilipofika uani mbio, Mtani yuko naye.

"Inavua akili za Wasukuma," Mtani akajibu, lakini macho yake hayakuwa na utani tena. Tayari alikuwa na kamera mkononi. "Burma nzima sikuiona hii."

Baadaye nilielewa kwamba walikuwa wanapima ardhi toka angani, wakitafuta dhahabu na almasi za kwetu, upande huu na mpaka Geita. Hakuna aliyetuuliza wala kutueleza. Tulipigiwa kelele juu ya vichwa na ng'ombe wetu wakaharibu mimba, basi.

Ilipotua tulikuwa kichuguuni. Mtani akainua kamera, akangoja igeuke, akapiga ile nafasi ya mwisho. Alikuwa bado anazungusha mkanda wakati kivuli kilipotufunika. Alikuwa Mzungu mkuu wa wapimaji, mgeni asiyejua neno la Kiswahili, na nyuma yake karani mkalimani, Mwafrika mwenzetu, kaptura imepigwa pasi ikasimama yenyewe.

Mzungu akaichukua kamera. Mtani alisimama kiaskari, akamgeukia karani.

"Mwambie Bwana nimekosa. Anichape, aichukue kamera, aniweke ndani. Ila asiifungue. Mle mna picha ya marehemu, mama wa mtoto huyu, na hatuna nyingine. Tunangoja kumaliza msiba. Kama ni picha ya ndege, nitaikata mbele ya macho yake ikishasafishwa."

Karani akamgeukia Mzungu, akasema maneno mawili.

Rafiki yangu, sikujua Kizungu. Lakini ukimimina debe la maji upande huu na upande wa pili kikatoka kijiko, huhitaji shule kujua kuna mtu amekinga katikati.

"Mbona hujamwambia?" nikasema. "Hujamwambia habari za mama!"

"Nyamaza, we mtoto. Mambo ya maiti unamwambia Mzungu ya nini? Mnataka atuone washenzi?"

Mzungu akafungua boksi. Akauvuta mkanda taratibu, bila hasira, kama mtu anayevuta utumbo wa mbuzi aliyekwisha chinjwa. Jua lilikuwa utosini, na mkanda ukipata mwanga picha zake hufa. Ulimetameta, ukajikunja, akauacha kwenye majani. Kisha akamrudishia Mtani kamera yake kwa adabu kabisa, na mimi akanipa peremende. Peremende! Niliitupa kwenye viatu vya karani, naye akavifuta kwa kitambaa.

Mtani aliuokota mkanda, akaukunja ndani ya kofia yake kana kwamba kivuli kingeweza kufaa. Tulitembea mpaka nyumbani. Akaingia uani kwa bibi, akapiga magoti, akamweleza yote.

Niliutazama mdomo wa bibi. Nilitaka amtukane, ampige kwa mchi, afanye chochote ambacho mimi kwa udogo wangu nisingeweza. Nilikuwa nimejaa mpaka hapa. Lakini alikuwa mtani, na mtani hakasirikiwi. Nikaona mdomo ule ukitafuta njia, ukaipata.

"Mla nazi wee," bibi akasema, "mwanangu nilimzika mara moja. Wewe umemzika mara ya pili, na hata pombe hujaleta. Jogoo wangu yuko wapi?"

Akacheka. Machozi yalimshuka mpaka kidevuni, naye anacheka, na Mtani akacheka akilia, akaenda kumleta jogoo. Akachinjwa siku ileile. Mimi sikumla. Bibi aliniita nje akaniambia kwa sauti ya chini, "Kula, ng'wanawane. Hasira isiyo na mahali pa kwenda humla mwenyewe." Bado sikula. Msimu uliofuata Mtani aliiuza kamera na kurudi kwao pwani, nasi hatukumsikia tena.

Yule karani nilimwona tena miaka mingi baadaye. Niliuza vitenge Kalangalala, Geita, na nyumba moja wakaniita ndani kwa mama mwenye nyumba. Ukutani picha zimejaa hadi darini: harusi, watoto, wajukuu na majoho yao. Mzee akatoka chumbani na fimbo. Miguu imezeeka, kaptura imekuwa suruali, lakini pasi ni ileile. Nikamwamkia, akaitikia vizuri, wakaniletea chai. Nikamuuliza: unaikumbuka ndege ya kamba? Akaikumbuka, tena kwa furaha, akaanza kunisimulia. Unamkumbuka fundi cherehani mwenye kamera? Akafikiri. Hapana. Nikamweleza, neno kwa neno, alichoambiwa na alichosema.

"Aa, mama," akasema, akikoroga chai yake. "Mambo ya zamani mengi. Tena ningesema hayo Bwana angecheka tu."

"Angecheka," nikamwambia. "Basi ungemwacha acheke. Kucheka kungetuua?"

Mkewe akatazama chini. Niliiacha chai, nikafunga vitenge vyangu. Yule hakuwa mtani wangu. Kwake sikulazimika kucheka.

Siku hizi mawe ya chokaa hayapo tena pale kiwanjani, na kichuguu kimesawazishwa. Bibi amekufa, na kibuyu chake, na watu waliojua kutukanana asubuhi kwa upendo. Hayo nimeyazoea; kila mtu wa rika langu ana orodha yake. Nisichokizoea ni kwamba nikifumba macho nimwone mama, naona mikono myeupe, naona mguu unaoburuta, kisha juu ya shingo hapana kitu. Wamebaki watu wawili tu wanaoikumbuka sura yake. Shangazi anasema mama alikuwa na mwanya mzuri mbele. Mjomba anasema hakuwa na mwanya, shangazi anamchanganya na mtu mwingine. Walibishana tena Pasaka iliyopita, mbele yangu, huku wakiendelea kula.